Fundi wa Gesi katika Nyumba ya Makaa

Lazarus Wangila alipigwa chuma kichwani Jumatatu jioni, kwenye mlango wa nyuma wa jengo la Olkeri, Kitengela. Simu aliyokuwa ameishika ilichukuliwa. Pochi yake haikuguswa, wala saa ya mkononi, wala simu yake mwenyewe iliyokuwa mfukoni, ambayo ilikuwa nzuri kuliko ile iliyoibiwa.

Sajini Kaloki alifika pale Jumanne asubuhi. Alikuwa mtu mfupi wa shingo nene, mpelelezi aliyezeeka kwenye kazi bila kuipenda sana wala kuichukia. Aliinama, akaitazama damu iliyokauka juu ya saruji. Koplo Waithera, mwanamke wa makamo aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa anapiga picha.

"Huyu ni mwizi wa aina gani," Waithera akasema, "anaacha simu nzuri, anabeba mbaya?"

"Si mwizi. Alifuata hiyo mbaya."

Soja aliyelinda jengo alikuwa mzee wa Kimaasai, shuka begani, rungu kwapani. Kaloki alimsalimu kwa lugha yake.

"Supa, mzee."

"Ipa."

"Uliona nini jana?"

"Kuona sikuona. Nilikuwa geti ya mbele. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mtu aliuliza, 'Wewe ndiye Nalianya?' Kijana akasema, 'Ndiyo, ni mimi. Karibu.' Halafu nikasikia kama boga limeanguka kwa sakafu."

"Nalianya ni nani?"

"Hata mimi nashangaa. Hapa hakuna Nalianya. Yule tunamwita Wangila. Mama wa chai anamwita Wangila, mimi namwita Wangila, hata ile kadi anavaa shingoni imeandikwa Wangila."

"Ulimwona aliyempiga?"

"Niliona mgongo ukienda. Ilikuwa imebeba chuma ndefu, kama ya kufungulia kitu. Halafu lori ikanguruma nyuma ya ukuta."

Kaloki alizunguka ukuta. Upande wa pili palikuwa na vumbi jekundu na alama za matairi ya lori zimechorwa juu yake, na katikati ya alama hizo palikuwa na tope. Lilikuwa tope dogo, upana wa sinia ya pilau, na kutoka hapo matone yalikuwa yamekwenda yakifuatana mpaka barabarani. Kaloki alichovya kidole, akanusa. Hakukuwa na harufu ya mafuta.

"Mzee, mvua ilinyesha lini hapa?"

Soja alicheka bila furaha. "Mvua? Afande, ng'ombe zangu zinakula katoni."

Kaloki alijipangusa kidole kwenye suruali. Waithera alipiga picha ya tope.

*

Ofisi aliyofanyia kazi Lazarus ilikuwa ghorofa ya kwanza, na mlango wake haukuwa na kibao. Duka la viatu upande huu lilikuwa na kibao, kinyozi upande ule alikuwa na kibao, lakini mlango wa katikati ulikuwa mtupu kama mlango wa stoo. Ndani alikuwepo muuguzi, Sista Nthenya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa anasokota pamba na kuijaza kwenye kikopo cha vidonge.

"Hiyo ni ya nini?" Kaloki akauliza.

"Bila pamba, kikopo kinalia kama kayamba kwa mkoba. Mtu akipanda ngazi ya ploti, majirani wote wanajua anatoka wapi."

"Wanatoka wapi?"

Nthenya aliweka kikopo chini. "Hapa ni mahali pa kupima Ukimwi, Sajini, na kufuatilia waliopimwa. Lakini hii yetu ni utafiti. Tunataka kujua kama mtu akiulizwa hali kila wiki anameza dawa vizuri kuliko asiyeulizwa. Nusu ya watu wetu wanaulizwa na nusu hawaulizwi. Kompyuta ndiyo inapiga kura, sisi hatuchagui."

"Wanaulizwa vipi?"

"Kwa meseji. Kila Jumatatu. 'Mambo? Uko sawa wiki hii?' Hayo tu. Hatutaji ugonjwa wala dawa. Mtu anajibu 'niko sawa' au 'siko sawa'. Akisema hayuko sawa, tunamtafuta."

"Na simu iliyoibiwa ndiyo ilikuwa inauliza."

"Ndiyo hiyo." Sauti yake ilipungua. "Ina watu mia mbili na kumi na wanne, Sajini. Imefungwa na namba ya siri, lakini meseji ikiingia inaonekana kwa kioo hata bila kufungua. Akiwa nayo mtu mbaya, kuna watu watafukuzwa kwa nyumba zao wiki hii."

"Lazarus alifuata nini chini na hiyo simu?"

"Mtu aliandika hayuko sawa. Akauliza atupate wapi. Mimi nilimjibu aje mlango wa nyuma. Nilikuwa na mgonjwa ndani, kwa hivyo nikampa Wangila simu, nikamwambia ashuke ampokee."

"Nani aliandika?"

Nthenya alikaza mdomo.

"Sista, mtu amepasuliwa kichwa."

"Najua. Ni mimi nilimtuma ashuke." Aliangalia dirishani. "Nikikupa jina moja, wote mia mbili watasikia nilitoa jina. Hawatarudi. Na sheria iko, Sajini, wewe unaijua kuliko mimi. Leta karatasi ya hakimu."

"Karatasi itachukua siku. Na simu iko nje huko ikiwaka."

"Basi tafuta simu. Usitafute mgonjwa wangu."

Waithera alimtazama Kaloki. Kaloki akatoa kalamu.

"Namba ya hiyo laini, unaweza kunipa?"

"Namba si siri. Hiyo nitakupa." Aliitaja taratibu. "Na mkewe Wangila mtamkuta Kajiado hospitalini. Muulize kwa nini alikuja hapa wiki iliyopita kunitukana."

*

Caren, mkewe Lazarus, alikaa kando ya kitanda mkoba ukiwa magotini. Lazarus alilala kichwa kimefungwa bandeji mpaka nyusi, mrija puani. Hakufungua macho.

"Ulikuwa wapi jana jioni, mama?" Kaloki aliuliza baada ya pole.

"Kanisani, kwaya. Uliza wenzangu. Tuliimba mpaka sauti zikakauka."

"Wiki iliyopita ulienda kazini kwake ukamtukana Sista Nthenya."

"Sikumtukana." Caren alinyoosha shingo. "Nilimwambia ana meno ya mtu anayekula vya wenyewe. Hiyo ni tusi?"

Waithera alikohoa.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu bwana huyu alikuja na hiyo simu yao nyumbani mara moja. Mara moja tu! Ikakaa mezani ikilia. 'Siko sawa.' 'Siko sawa, niite.' 'Leo nimelia sana.' Mwanamke mzima na akili zake anaandikia mume wangu kwamba hayuko sawa. Mume wangu ni panadol?"

"Alikueleza ni kazi."

"Alisema ni kazi ya siri. Afande, wewe umeoa? Mume akikwambia analiliwa na wanawake kwa siri na analipwa mshahara, utampikia chapati?" Aligeuka akamrekebishia Lazarus blanketi ambalo halikuwa na kasoro yoyote. "Sasa nimekaa hapa tangu jana. Naangalia kila mwanamke anayepita huo mlango. Nasema, ni huyu? Ni huyu? Hata mama wa kufagia nimemwangalia vibaya."

Kaloki alifungua daftari.

"Nalianya ni jina la nani?"

"La babake. Liko kwa kitambulisho tu. Mimi mwenyewe nilijua siku ya harusi, pasta alipolisoma."

"Wewe unamwita nani?"

"Baba Immaculate. Nikikasirika, Lazarus."

"Ukitaka mtu amtafute hapo Kitengela, utamwambia aulizie nani?"

"Wangila, sasa. Nani atampata Nalianya Kitengela?" Akamgeukia Kaloki. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nimeshamaliza kukuuliza, mama. Baki na mume wako."

Walipotoka nje Kaloki alisimama chini ya kivuli cha ukuta. Aliyempiga Lazarus hakumjua Lazarus. Hakujua sura yake, ndiyo maana aliuliza kwanza. Wala hakupata jina kutoka kwa mtu anayemjua, kwa maana wote wanaomjua wangempa Wangila. Alilipata kutoka mahali panapolitaja jina la kitambulisho.

Kaloki alitoa simu yake. Akaingia M-Pesa kama mtu anayetuma pesa, akaandika namba aliyopewa na Nthenya, akasubiri. Kioo kikamuuliza kama kweli anataka kumtumia LAZARUS NALIANYA. Akakataa. Kisha akamwonyesha Waithera.

"Wacha!" Waithera akasema. "Hata mimi nilimkamata bwanangu hivyo. Kumbe mtu aliyekuwa anampigia alikuwa fundi wa viatu kweli."

Kaloki alimpigia Nthenya papo hapo. "Sista, hiyo laini ya utafiti mlisajili na kitambulisho cha nani?"

Kaloki alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Barua za kusajili kwa jina la mradi zilichelewa," Nthenya akasema. "Wangila akasema tutumie chake kwa wiki moja tu. Ilikuwa wiki moja, Sajini. Halafu tukasahau."

"Na wanaopokea hizo meseji, kwa simu zao jina linaonekana nani?"

"Tunawaambia wahifadhi namba kwa jina ambalo mtu wa nyumbani hawezi kushuku. Kila mtu anachagua lake. Mama Mboga. Chama. Kinyozi. Na wakishajibu, wafute." Kaloki alimsikia akivuta kamasi. "Kwani nilikosea nini? Tuliwaficha vizuri."

"Mliwaficha vizuri," Kaloki akasema. "Jina la uongo, mlango wa nyuma, na meseji ya kufutwa. Sista, hebu jifanye wewe ni mume."

*

Jumatano asubuhi Kaloki hakwenda ofisini. Alikwenda kwenye kisima cha mashine upande wa Isinya, pale malori ya maji yanapopanga foleni kabla ya kwenda kuuza mtaani. Tope katika kiangazi halitoki mbinguni. Lilitoka kwenye tangi linalovuja, na chuma kirefu cha kufungulia kitu, kwa dereva wa maji, ni spana ya vali.

Alikaa juu ya mtungi mtupu na kikombe cha chai, kama mtu anayesubiri kununua maji. Waithera alikuwa kwenye gari mbele kidogo. Madereva walikuwa wanapiga kelele.

"Wewe wa kijani, sogeza hiyo jeneza!"

"Jeneza ni ya babako, hii ni lori."

La kwanza halikuvuja. La pili lilivuja mafuta. Lilipofika la nne, la bluu lililofifia, Kaloki aliona matone yakidondoka kutoka vali ya nyuma na kutengeneza tope dogo chini yake. Alikunywa chai. Dereva wa lori hilo, mwanamume mrefu wa shavu bonde, alishuka akamwendea mwenzake.

"Niazime spana."

"Tena? Kivuva, yako iko wapi? Tangu jana unaniomba kama chumvi."

"Ilipotea."

"Spana ya urefu huo inapotea vipi? Ilitembea?"

Wengine wakacheka. Kivuva hakucheka. Kaloki alimwaga masalia ya chai, akasimama.

"Kivuva. Habari."

"Nzuri, afande."

"Nimekwambia mimi ni afande?"

"Viatu, afande."

Kaloki aliviangalia viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa. "Haya. Unamjua mtu anaitwa Nalianya?"

Macho ya Kivuva yaliruka juu ya tangi, kwenye kifuniko, kisha yakarudi chini haraka. Kaloki aliyafuata.

"Koplo," akaita. "Panda hapo juu."

Waithera alivua koti, akapanda ngazi ya tangi akinung'unika. Waliachilia maji yaliyosalia yakamwagika, foleni nzima ikipiga makelele kwa hasara ile, kisha akaingiza mkono mpaka begani na mti wenye wavu. Alipoinuka alikuwa na simu iliyovimba betri, maji yakichuruzika.

"Mungu wangu," akasema. "Kitengela nzima imekunywa hii simu."

*

Kituoni, Kivuva alikaa mikono juu ya meza. Hakuwa mtu wa kukana. Alikuwa mtu aliyebeba kitu kizito kwa muda na sasa anaonyeshwa pa kukiweka.

"Mke wangu anaitwa Naisula," akasema. "Tuko na watoto wawili. Kila Jumatatu alikuwa anaenda na simu bafuni. Nikaanza kuangalia. Siku moja akaisahau kitandani, meseji ikaingia. 'Mambo? Uko sawa wiki hii?' Jina, Fundi Gesi."

"Kwa hivyo?"

"Afande, nyumba yangu tunapika na makaa! Hatuna gesi. Hatujawahi kuwa na gesi. Hata mtungi tupu wa kukalia hatuna. Sasa huyu fundi anatengeneza nini?"

Waithera aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika mara moja.

"Endelea," Kaloki akasema.

"Anajibu 'niko sawa', halafu anafuta. Mtu anafutia nini 'niko sawa'? Ningekuta matusi ningeelewa. Nikaweka namba kwa M-Pesa, ikaleta jina ya mwanaume. Jumatatu nikachukua simu yake akiwa kwa kamba ya nguo. Nikaandika, 'Siko sawa. Nikupate wapi?' Alijibu haraka, afande. Mimi nikimwandikia mke wangu nangoja mpaka jioni. Huyu alijibu kabla sijaweka simu chini. 'Pole sana. Njoo jengo la Olkeri, mlango wa nyuma, tutaongea wawili.' Sasa wewe ungefanya nini?"

"Ningemuuliza mke wangu."

"Wewe huna wivu."

"Niko nao. Sina spana."

Kivuva aliinamisha kichwa. "Niliitupa kwa mto Isinya, hiyo spana. Nilimuuliza jina. Nilitaka akane. Angekana labda ningerudi. Lakini alitabasamu akaniambia karibu."

Mlango ulifunguliwa. Askari aliyekwenda kukagua lori alileta vitu vya kwenye kebini katika mfuko: kitambaa, redio ndogo, leseni, na mkebe wa mafuta ya kujipaka. Kaloki aliuchukua mkebe. Ulikuwa mzito kuliko mafuta. Akautikisa karibu na sikio, na haukutoa sauti yoyote. Aliufungua. Juu kulikuwa na pamba, na chini ya pamba kulikuwa na vidonge.

Aliufunga tena polepole.

"Koplo, hebu nisaidie na maji ya kunywa."

Waithera alielewa, akatoka na yule askari. Kaloki alisukuma mkebe katikati ya meza.

"Unachukulia wapi?"

"Kajiado. Nikipeleka maji huko. Hapa Kitengela wote wananijua."

"Mke wako anajua?"

"Hapana. Na naomba asijue, afande. Nifunge, lakini asijue."

"Kajiado uko kwa utafiti?"

"Waliniandikisha. Wakasema kuna kundi la kuulizwa hali na kundi la kutoulizwa. Kompyuta ikapiga kura, nikaanguka kwa wale hawaulizwi." Alijifuta mdomo. "Sijawahi kuona hizo meseji zinakaaje. Ningeona hata moja, ningejua Fundi Gesi ni nani."

"Ulijua lini?"

"Hiyo jioni. Nimeendesha mpaka hapo mbele, nimesimama, ile simu niliyomnyang'anya ikaanza kulia. 'Niko sawa sista.' 'Siko sawa.' 'Niko sawa, Mungu mkubwa.' Wanaume, wanawake. Nikasema, huyu mtu ana wapenzi wangapi? Halafu ikaingia moja, 'Sista, dawa mpya zinanipa kizunguzungu.' Nikazima injini. Nikajua ni nini, na nikajua Naisula ana nini."

"Kwa nini hukurudi? Alikuwa amelala pale anavuja damu."

Kivuva aligusa mkebe kwa kidole kimoja.

"Nitakwambia ukweli, afande, hata kama ni mbaya. Nilipojua ni dawa, wivu haikuisha. Iligeuka tu. Nilisema, yeye kila Jumatatu kuna mtu anamuuliza. Tuko nyumba moja, ugonjwa mmoja, na yeye anaulizwa. Mimi niko kwa lori na mkebe wa mafuta. Hakuna mtu ameniuliza kitu tangu nipimwe. Nikaitupa hiyo simu kwa maji ili isiulize mtu mwingine."

Kaloki hakuandika hilo. Aliurudisha mkebe kwake.

"Umemeza ya leo?"

"Bado."

"Meza."

*

Naisula alikuja alasiri na Sista Nthenya, ambaye alikuwa amemfuata nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Naisula alikuwa mwanamke mwembamba, shanga moja nyembamba shingoni, mkononi hotpoti ya chakula. Alimvuta Kaloki kando.

"Afande, umemwambia?"

"Sijamwambia kitu chako. Si kazi yangu."

"Basi nitamwambia mimi. Kama atafungwa, asifungwe akifikiri nilikuwa na mwanaume."

Kaloki alimtazama Nthenya. Nthenya alitikisa kichwa kidogo sana. Wote wawili walikuwa na siri ya mtu mwingine mdomoni, na wote wawili waliimeza. Kaloki akaagiza Kivuva aletwe.

Naisula hakukaa. Aliweka hotpoti mezani.

"Hakuwa mwanaume wangu," akasema. "Hata simjui. Ni watu wa dawa. Nameza dawa, Baba Katee. Za ule ugonjwa."

"Najua," Kivuva akasema.

"Unajua vipi?"

Kivuva alitoa mkebe wa mafuta mfukoni, akaufungua, akauweka kando ya hotpoti. Naisula aliangalia pamba. Hakuhitaji kuinua pamba. Alikuwa na pamba kama hiyo kwenye kikopo cha majani ya chai, juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa.

"Wewe pia?" akasema.

"Mimi pia. Kajiado. Mimi siulizwi. Kura ilianguka hivyo."

Nje, askari mmoja alikuwa anacheka na mtu wa mahindi ya kuchoma. Kaloki alifikiri mwanamke atalia, au atapiga kelele. Naisula alisimama tu, akahesabu kitu kichwani mwake, kisha akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari.

"Miaka yote tumelala kitanda kimoja, hujawahi kuniuliza kama niko sawa."

"Na wewe hukuniuliza."

"Sikuuliza. Lakini mwingine aliponiuliza, mimi sikushika chuma." Alifunika hotpoti vizuri. "Kula. Ni githeri. Imepikwa na makaa."

Akatoka. Nthenya akamfuata.

Gharama ya yote hayo ilikuwa hivi. Lazarus Wangila alifungua macho Jumapili. Mkono wake wa kulia hauinuki, na humwita Caren kwa jina la mama yake mwenyewe. Caren hajamsahihisha. Alipoambiwa kwamba hata zile meseji hakuandika mumewe, ziliandikwa na Nthenya, aliuliza, "Kwa hivyo alipigwa kwa kitambulisho tu?" Kivuva yuko mahabusu Kajiado akingoja kesi, na lori lake lina dereva mwingine. Watoto wawili wanaambiwa baba yao amepeleka maji mbali. Sista Nthenya alipewa barua ya onyo, na laini ikasajiliwa upya kwa jina la mradi, kazi iliyochukua asubuhi moja.

Jumatatu ya kwanza ya simu mpya waliulizwa watu mia mbili na kumi na wanne. Walijibu mia moja thelathini na mmoja, Naisula akiwemo. Themanini na watatu hawakujibu, wala Jumatatu iliyofuata, na hakuna anayejua kama wako sawa.